Nimealikwa kwenye utafiti wa saratani ya tezi dume Uingereza: je, nikubali, na majibu yake yatawafaa ndugu zetu nyumbani?

Mswahili wa Leicester

Assalamu alaykum, na salamu kwa wanajukwaa wote.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina umri wa miaka 53, na kwa sasa ninaishi Leicester. Hivi karibuni nimepokea barua kupitia kituo cha afya nilikosajiliwa, inayonialika kushiriki katika utafiti uitwao TRANSFORM, ambao unatafuta namna bora ya kuwapima wanaume saratani ya tezi dume kabla hawajaona dalili yoyote. Nimeisoma barua hiyo pamoja na mke wangu, na bado tuna maswali ambayo tungependa yajibiwe na watu wanaoifahamu kazi hii.

Ninalichukulia jambo hili kwa uzito kwa sababu baba yangu mdogo alifariki kwa ugonjwa huo huo. Alitibiwa maumivu ya mgongo kwa muda mrefu, mara kwa vidonge vya kutuliza maumivu, mara kwa kuchuliwa, na ilipokuja kufahamika kwamba chanzo ni tezi dume, miguu ilikwisha kuishiwa nguvu na alikuwa akigeuzwa kitandani na wanawe. Hakuna aliyewahi kumpima PSA, yaani kile kipimo cha damu kinachoashiria matatizo ya tezi dume.

Kwanza, ninasikia kauli zinazopingana kuhusu kipimo hicho cha PSA: wengine wanasema kinaokoa maisha, wengine wanasema kinawaingiza wazima katika matibabu wasiyoyahitaji. Pili, sielewi kwa nini utafiti mmoja uhitaji hospitali nyingi, na tafiti nyingine hata nchi nyingi. Je, hospitali moja kubwa yenye mabingwa isingetosha? Tatu, maelezo yanataja sampuli ya mate kwa ajili ya vinasaba, na sisi watu weusi tuna sababu zetu za kuuliza sampuli zetu zinakwenda wapi. Nne, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, nina kaka yangu Tanga mwenye miaka 56. Nikikubali kutoa muda wangu na damu yangu hapa, je, kuna chochote kitakachomfikia yeye, au majibu yataishia kwenye hospitali zenye mashine za kila aina?

Natanguliza shukrani.

Muuguzi wa Utafiti, London

Kaka yangu, shikamoo. Pole kwa msiba wa baba mdogo, hata kama ni wa zamani.

Mimi ni mwenyeji wa Mombasa, na kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuwahudumia wagonjwa walio ndani ya tafiti za saratani, ingawa si huo uliotajwa kwenye barua yako. Nianze na barua yenyewe. TRANSFORM ni utafiti unaosimamiwa na shirika la hisani la Prostate Cancer UK kwa bajeti ya pauni milioni 42, na wanaume hawajiandikishi wenyewe, bali huchaguliwa kutoka kwenye kumbukumbu za vituo vya afya na kuandikiwa barua. Kwa wanaume kwa jumla umri wa kualikwa ni miaka 50 hadi 74, lakini kwa wanaume weusi unaanzia 45, kwa sababu hapa Uingereza mwanamume mmoja kati ya 8 hupata saratani hii maishani mwake, ilhali kwa wanaume weusi ni mmoja kati ya 4. Waandaaji wameweka lengo kwamba angalau mmoja kati ya kila walioalikwa 10 awe mwanamume mweusi. Kwa hiyo hukualikwa kwa bahati mbaya, wala hukualikwa ili ujaribiwe dawa. Kinachopimwa ni vipimo vyenyewe: PSA, picha ya MRI ya muda mfupi, na kipimo cha vinasaba kwa mate, ili ijulikane ni mchanganyiko upi unaoigundua saratani ya hatari bila kuwatia hofu watu ambao saratani yao isingewadhuru.

Kuhusu swali lako la pili, nitakupa mfano mmoja ambao niliuona ukibadilisha kazi yetu ya kila siku. Zamani mwanamume mwenye PSA ya juu alikuwa akilazwa ubavu, kifaa cha ultrasaundi kinaingizwa kwenye njia ya haja kubwa, na sindano 10 hadi 12 zinapitishwa kwenye ukuta wa utumbo kuchukua vinyama kutoka kwenye tezi. Daktari aliiona tezi, lakini uvimbe wenyewe mara nyingi hakuuona, hivyo alikuwa kama mvuvi anayechoma mkuki majini usiku akitumaini samaki yupo pale. Wapo waliorudi baada ya siku chache wakiwa na homa kali ya maambukizi, na wapo walioambiwa hawana kitu kumbe sindano ziliupita uvimbe pembeni.

Utafiti wa PROMIS, uliochapishwa mwaka 2017 na kuongozwa na Hashim Ahmed na wenzake, uliwachukua wanaume 576 na kumpitisha kila mmoja kwenye MRI, kwenye sindano za kawaida, na kwenye uchunguzi wa sindano nyingi sana zilizopangwa kwa milimita chini ya usingizi wa dawa, ili kuwe na jibu la kweli la kulinganishia. Sindano za kawaida ziliigundua chini kidogo ya nusu ya saratani za hatari, wakati MRI iliashiria asilimia 93, na ilionekana kwamba zaidi ya robo ya wanaume wangeweza kuepuka sindano kabisa. Mwaka uliofuata ukaja PRECISION, wanaume 500 katika vituo 25 vya nchi 11, ambapo walioanza na MRI waligundulika na saratani ya hatari kwa asilimia 38 dhidi ya 26 kwa waliochomwa moja kwa moja, na wakati huohuo zile saratani ndogo zisizo na madhara ziligunduliwa kwa uchache zaidi.

Sasa angalia kwa nini nchi 11. Msomaji wa picha aliyebobea katika hospitali moja ya London anaweza kuona vitu ambavyo msomaji wa kawaida wa mji mwingine asingeviona. Kama utafiti ungefanyika kwake peke yake, tungepima umahiri wa mtu mmoja badala ya ubora wa kipimo. Kipimo kikifanya kazi kwa mashine tofauti, wasomaji tofauti na wagonjwa tofauti, hapo ndipo kinaweza kuandikwa kwenye mwongozo wa matibabu.

Mwisho, kuhusu ushiriki: utapewa karatasi ya maelezo na fomu ya ridhaa, na una haki ya kuuliza kila mstari. Unaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu, na matibabu yako ya kawaida hayaguswi. Mke wako aje nawe. Wake ndio huuliza maswali ya maana kuliko waume, huo ni uzoefu wangu.

Mtakwimu wa Morogoro

Ninamshukuru dada muuguzi kwa maelezo yake, lakini swali la kwanza la ndugu yetu halijajibiwa, na halipaswi kupitwa juu juu kwa sababu tu wote tunaiogopa saratani.

Mmoja kati ya tafiti kubwa zaidi kuhusu kupima PSA kwa watu wasio na dalili ulianza mwaka 1993 katika nchi kadhaa za Ulaya, ukiwa na wanaume zaidi ya 160,000. Matokeo yake ya miaka 23 yalichapishwa mwaka 2025: vifo vya saratani ya tezi dume vilipungua kwa asilimia 13 kwa kundi lililoalikwa kupimwa. Ukiyageuza hayo kuwa idadi ya watu, kifo kimoja kilizuiwa kwa kila wanaume 456 walioalikwa, na kwa kila kifo kilichozuiwa wanaume wengine wapatao 11 walibeba jina la ugonjwa bila faida hiyo, baadhi yao wakiwa wamepata udhaifu wa nguvu za kiume au kuvuja mkojo kutokana na matibabu. Anayesema PSA inaokoa maisha anasema kweli, na anayesema inawaingiza watu katika matibabu wasiyoyahitaji anasema kweli pia. Ni utafiti uleule, ila kila mmoja ananukuu ukurasa wake.

Upo pia utafiti wa ProtecT wa Uingereza, ambao uliwagawa kwa bahati nasibu wanaume 1,643 waliogunduliwa na saratani ambayo haijasambaa: wengine wakafanyiwa upasuaji, wengine mionzi, wengine wakafuatiliwa tu kwa karibu. Baada ya takriban miaka 15, waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa 45, yaani asilimia 2.7, na tofauti kati ya makundi matatu haikuwa ya maana. Hata hivyo, kwa waliofuatiliwa tu, saratani ilisambaa mara mbili zaidi, kwa hiyo kusubiri nako kuna gharama yake.

Jambo ambalo ningependa ulizingatie kabla ya kutia sahihi ni hili: ukiambiwa una saratani ya polepole, je, utaweza kulala nayo na kuja kupimwa kila baada ya muda, au utaomba ikatwe kesho yake? Lijadilini na mama watoto sasa, si siku ya majibu.

Na kuna kasoro ambayo wanatakwimu tunaisema kila siku. Washiriki wa ProtecT karibu wote walikuwa wazungu, na hali katika utafiti wa Ulaya haikuwa tofauti sana. Kwa hiyo zile namba nilizokupa hapo juu, pamoja na usahihi wake, si namba zako. Hakuna anayeweza kukuambia kwa uhakika kwamba kwa mwanamume mweusi ni mmoja kati ya 456, au 200, au 600. Mtu wa asili yetu akikataa kushiriki, namba hiyo inazidi kukosekana. Nami sisemi hivyo ili kukulazimisha, kwa maana ridhaa inayotolewa kwa kuona aibu si ridhaa.

Daktari wa Mkojo, Dar es Salaam

Ndugu yangu wa Leicester, nitajibu swali lako la nne, kwa kuwa ndilo ninaloishi nalo kliniki.

Wagonjwa wengi ninaowaona huja kama alivyokuja baba yako mdogo. Wanakuja na mpira wa mkojo, au wanakuja na mgongo, au wanaletwa wakiwa wamebebwa, na PSA inarudi ikiwa katika mamia. Kwa mgonjwa wa namna hiyo mjadala wa upimaji wa wasio na dalili umekwisha kupitwa na wakati. Anachohitaji ni matibabu ya saratani iliyofika mifupani. Hapo ndipo utafiti mmoja wa ushirikiano wa Uingereza na Uswisi, uitwao STAMPEDE, umebadilisha maisha ya watu ambao hawajawahi kuusikia.

Tangu Charles Huggins aoneshe mwaka 1941 kwamba saratani hii hunywea mwili unapokosa homoni ya kiume, matibabu ya ugonjwa uliosambaa yalibaki kuwa hayohayo: ama kuondoa korodani, ama sindano za kuzuia homoni. Dawa mpya zilijaribiwa kwa wagonjwa ambao homoni zilikwisha kushindwa kuwasaidia, yaani mwishoni kabisa. STAMPEDE, ulioanza mwaka 2005 chini ya Nick James, ulikuja na swali tofauti: je, tukiongeza dawa hizo mwanzoni? Na waliupanga kwa busara. Badala ya kuanzisha utafiti mpya kwa kila dawa, kila mmoja na kundi lake la kulinganishia, waliweka kundi moja la kulinganishia lililopata matibabu ya kawaida, kisha wakapachika matawi mengi pembeni yake kwa wakati mmoja. Tawi lililoonekana halina matumaini, kama lile la dawa iitwayo selekoksibu, lilifungwa mapema. Tawi jipya lilifunguliwa bila kusubiri mengine yamalizike. Kazi ya namna hiyo huhitaji wagonjwa wengi wanaoingia mfululizo, na ndiyo sababu zaidi ya hospitali 100 zilishiriki na hadi mwisho waliandikishwa wanaume karibu 12,000. Hospitali moja, hata ingekuwa na mabingwa wa dunia nzima, ingehitaji umri wa watu wawili kuipata idadi hiyo.

Majibu yalikujaje? Mwaka 2016 walichapisha kwamba tibakemia ya dosetaxeli, mizunguko 6 kila baada ya wiki 3, ikiongezwa mwanzoni kwenye matibabu ya homoni, ilirefusha maisha kutoka wastani wa miezi 71 hadi 81 kwa wagonjwa wote, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa wale ambao ugonjwa ulikuwa umesambaa. Mwaka 2017, abirateroni, yaani vidonge vinavyozuia mwili kutengeneza homoni ya kiume, ikiongezwa tangu mwanzo, waliokuwa hai baada ya miaka 3 walikuwa asilimia 83 dhidi ya 76. Mwaka 2018, mionzi kwenye tezi yenyewe, kwa wale ambao ugonjwa umesambaa sehemu chache tu, ilipandisha walio hai baada ya miaka 3 kutoka asilimia 73 hadi 81. Hilo la mwisho liliwashangaza wengi, maana tulifundishwa kwamba saratani ikishatoka kwenye tezi hakuna haja ya kuihangaikia tezi.

Sasa yafikishe hayo Tanga. Kuondoa korodani ni upasuaji mdogo, hufanyika kwa ganzi, gharama yake hulipwa mara moja, na hushusha homoni sawasawa na sindano ambazo mgonjwa angezinunua maisha yake yote. Dosetaxeli ni dawa ya zamani isiyo na hakimiliki, na ipo. Mgonjwa ninayemwona leo hupata, kwa gharama ambayo familia inaweza kuipanga, matibabu ambayo kabla ya tafiti za miaka ya 2014 hadi 2016 hakuna bingwa wa popote aliyekuwa na uthibitisho kwamba yanafaa kutolewa mapema. Kwa hiyo jibu la swali lako ni ndiyo, yanafika, na hufika haraka zaidi pale utafiti unapochunguza dawa za kawaida zilizopo kuliko unapochunguza dawa mpya yenye bei ya gari.

Abirateroni ni habari nyingine. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019, lakini kuwa kwenye orodha na kuwa kwenye dirisha la dawa ni mambo mawili. Dozi yake ya kawaida ni vidonge vinne vya miligramu 250 tumboni mkiwa tupu. Kundi la watafiti lililoongozwa na wenzao wa Chuo Kikuu cha Chicago lilijaribu kidonge kimoja pamoja na chakula cha asubuhi chenye mafuta kidogo, kwa sababu chakula huifanya dawa ifyonzwe kwa wingi, na PSA ilishuka kwa kiwango kinachokaribiana. Walikuwa wagonjwa 72 tu, hivyo si ushahidi wa kufungia mjadala, na ninamwonya yeyote anayesoma hapa asijipunguzie dozi mwenyewe. Ila ninajiuliza kwa nini utafiti mkubwa wa kulithibitisha jambo hilo usiwe wetu. Kiwanda kinachouza vidonge vinne hakina sababu ya kutafuta uthibitisho kwamba kimoja kinatosha. Hospitali za Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Mwanza zikiungana zina sababu zote.

Niongeze moja kuhusu mionzi, kisha niwaachie wengine. Ratiba ya kawaida ilikuwa vipindi 37, yaani mgonjwa wa Tanga akija hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, anatakiwa kuwa na pa kulala jijini kwa zaidi ya wiki saba. Utafiti wa CHHiP, wenye wanaume zaidi ya 3,200, ulionesha mwaka 2016 kwamba vipindi 20 vyenye dozi kubwa kidogo kila kimoja havipungukiwi kitu. Baadaye PACE-B ukaonesha kwamba kwa saratani ambayo haijasambaa, vipindi 5 vinatoa matokeo yanayolingana baada ya miaka 5. Vipindi 5 vinahitaji mashine sahihi sana na upigaji picha wa kila kipindi, hivyo si kila kituo kinaweza. Lakini vipindi 20 badala ya 37 maana yake ni kwamba mashine ileile, bila kununua hata bolti, inahudumia wagonjwa karibu mara mbili, na mgonjwa anarudi kwake akiwa bado ana nauli.

Tume ya jarida la The Lancet ilikadiria mwaka 2024 kwamba wagonjwa wapya duniani wataongezeka kutoka milioni 1.4 mwaka 2020 hadi milioni 2.9 mwaka 2040, na ongezeko kubwa litakuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Watu wetu wanaishi miaka mingi zaidi sasa, na huu ni ugonjwa wa umri. Haukwepeki kwa kuhubiri lishe.

Mtafiti wa Vinasaba, Kampala

Salamu kwa wote, na heshima kwa Daktari.

Nitalijibu swali la mate, maana ndilo eneo langu. Vinasaba vya mtu mmoja peke yake havitoshi kutueleza hatari hii inatoka wapi. Tunachotafuta ni mabadiliko madogo ambayo kila moja huongeza hatari kwa kiasi kidogo mno, na kuyaona kunahitaji watu wengi kupita kiasi. Ndiyo sababu makundi ya watafiti ya mabara mbalimbali yaliunganisha takwimu zao, na mwaka 2023 wakachapisha mabadiliko 451 yanayohusishwa na hatari ya saratani ya tezi dume, kutokana na wagonjwa zaidi ya 150,000. Wengi wao, kama ilivyo desturi, walikuwa wenye asili ya Ulaya.

Kasoro hiyo ina madhara ya moja kwa moja kwako. Utafiti wa BARCODE1, ulioongozwa na Ros Eeles wa Taasisi ya Utafiti wa Saratani ya London na kuchapishwa mwaka 2025, ulitumia mate kukokotoa alama ya hatari kutokana na mabadiliko 130, kisha ukawachunguza wanaume waliokuwa kwenye asilimia 10 ya juu. Kati ya 468 waliochukuliwa vinyama, 187 walikuwa na saratani, na nyingi kati ya hizo zisingegunduliwa kwa utaratibu wa kawaida wa PSA na MRI. Ni matokeo mazuri, lakini utafiti huo uliwahusu watu wenye asili ya Ulaya pekee. Alama iliyojengwa kwa vinasaba vya watu wa Ulaya haiwezi kumpima Mdigo au Mganda kwa usahihi uleule.

Na tunajua kwamba tofauti zipo. Katika kromosomu ya 8, eneo liitwalo 8q24, lipo badiliko linalopatikana karibu kwa watu wenye asili ya Afrika peke yao, nalo huongeza hatari takriban mara mbili. Utafiti uliofanyika hapa Kampala na kuchapishwa mwaka 2018, wenye wagonjwa 571 na wasio wagonjwa 485, ulionesha jinsi eneo hilo lilivyo na uzito kwa wanaume wa Uganda. Mwaka 2022, timu za Vanessa Hayes wa Sydney na Riana Bornman wa Pretoria zilisoma jenomu nzima, yaani vinasaba vyote, za uvimbe wa wagonjwa 183 wa Afrika Kusini, Australia na Brazili, na uvimbe wa wenye asili ya Afrika ukaonekana kubeba mabadiliko mengi zaidi. Upo pia mtandao wa MADCaP unaoviunganisha vituo vya Senegal, Ghana, Nigeria na Afrika Kusini na vyuo vya Marekani. Ukiitazama orodha hiyo utaona pwani yetu haimo. Sampuli za Waswahili ni chache kiasi kwamba tunakisiwa kwa kutumia Waafrika Magharibi.

Kuhusu hofu yako, ni hofu halali na haiondolewi kwa kubembelezwa. Huo ni utafiti wa Uingereza na uko chini ya sheria za huko, kwa hiyo omba kuelezwa kwa maandishi: sampuli itahifadhiwa wapi na kwa muda gani, je, kampuni za biashara zinaweza kupewa, je, jina lako limetenganishwa na sampuli, na ukijitoa sampuli itateketezwa au itabaki. Utafiti unaofanyika Tanzania lazima upate kibali cha maadili, na sampuli zinazovuka mpaka zinahitaji mkataba wa kuzihamisha. Ushirikiano wa kweli huonekana kwenye mkataba huo: nani anabaki na nakala ya takwimu, mwanafunzi wa wapi anafundishwa kuzichambua, na jina la nani linatangulia kwenye makala. Nimeona mikataba mizuri, na nimeona ambayo mchango wa Mwafrika ulikuwa kufungasha barafu kavu kwenye boksi.

Mswahili wa Leicester

Ninawashukuru nyote, mmenifungua macho kuliko ile barua. Nimeamua kukubali, na maswali ya mtafiti wa Kampala nimeyaandika kwenye karatasi nitakayokwenda nayo.

Daktari, naomba nikuulize la mwisho. Kaka yangu Tanga hana dalili yoyote, ila amekubali kupima baada ya kumsomea majibu yenu kwa simu. Anachokataa ni kipimo cha kidole, yaani daktari kuipapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa. Anasema afadhali afe. Je, akapime PSA pekee? Na akipata namba, tuisomeje?

Daktari wa Mkojo, Dar es Salaam

Akapime PSA, na kidole kisiwe kikwazo cha kuanzia. PSA ikirudi juu tutazungumza naye taratibu, na mara nyingi mtu aliyekataa kata kata hukubali akishaelezwa kwamba ni jambo la dakika moja na kwamba daktari halioni kama anavyoliona yeye.

Asipime akiwa na maambukizi ya mkojo, wala muda mfupi baada ya kuwekewa mpira, kwa sababu vyote hivyo hupandisha PSA kwa wiki kadhaa. Ajiepushe na tendo la ndoa na kuendesha baiskeli kwa siku mbili kabla ya kutoa damu. Namba ikizidi 4, hiyo peke yake haimaanishi kwamba ni saratani. Kwa umri wake huenda ni tezi iliyokua tu. Arudie baada ya wiki chache katika maabara ileile, kwa kuwa maabara mbili zinaweza kutoa namba mbili kwa damu moja. Ikibaki juu, amwone bingwa, na aulize kama anaweza kupata MRI kabla ya kuchomwa sindano. Tanga akiikosa, Dar es Salaam ipo.

Ulizeni pia ndani ya ukoo, kwa pande zote mbili, kama kuna shangazi au mama mdogo aliyepata saratani ya matiti au ya ovari, maana badiliko la kinasaba cha BRCA2 hupita kwa wanawake na wanaume, na mwanamume mwenye nalo hupata saratani ya tezi dume iliyo kali zaidi. Kama yupo, amwambie daktari siku ya kwanza. Majibu ya PSA ayatunze yote pamoja na tarehe na jina la maabara, hata yale yaliyo ya kawaida, kwa sababu mwendo wa namba kwa miaka hutueleza mengi kuliko namba moja.